Kambale wa Ziwa Kitangiri: Mzazi na Mwanawe Wapangapo Safari ya Kuvua

Kila ufikapo mwezi Desemba mambo mawili hutokea kwa pamoja katika Mkoa wa Singida. La kwanza ni kurejea kwa vijana waliokuwa mbali kwa masomo au kazi: huyu katoka Dodoma, yule Mwanza, mwingine Dar es Salaam. La pili ni mvua. Ardhi iliyokuwa kavu kwa miezi mingi hulowa, mito iliyokuwa njia za mchanga mtupu hutiririka, na maji ya Ziwa Kitangiri huanza kupanda na kufunika majani ya ukingoni. Mzazi aliyekaa mwaka mzima bila kupata nafasi ya kuzungumza kwa utulivu na mwanawe, ambaye sasa ni mtu mzima, huona kuwa wakati umewadia: waende pamoja ziwani, wamwombe mvuvi mwenyeji awaongoze, wakavue kambale.

Lakini liko jambo la tatu ambalo pia hutokea wakati huo huo. Kambale naye huanza safari yake. Huacha maji ya kina na kuelekea kwenye vijito na majani yaliyofurika, akatage mayai. Ndiyo kusema kwamba siku ambazo jamaa wana nafasi ya kwenda kuvua ndizo siku ambazo kambale ni rahisi mno kukamatwa, na ndizo siku ambazo kumkamata huligharimu ziwa zaidi kuliko siku nyingine zote. Mwenye kutaka kupanga safari kama hiyo kwa busara hana budi kuyajua maisha ya samaki huyu kwanza, kisha ndipo afikirie ndoana na mtumbwi.

Kwa nini Kitangiri

Mkoa wa Singida una maziwa kadhaa. Mjini Singida penyewe yapo mawili, Singidani na Kindai, yanayojulikana kwa maji yenye chumvi na magadi na kwa ndege wa majini. Ziwa Kitangiri liko upande wa kaskazini-magharibi, Wilayani Iramba, katika bonde la Wembere. Msafiri atokaye Singida kwa barabara ya Nzega hupita Misigiri, huteremka Mlima Sekenke na kufika Shelui. Ziwa liko kaskazini ya barabara hiyo, katika nchi tambarare.

Tofauti ya maziwa haya yaeleweka kwa kuuliza swali moja: maji yakishaingia, hutoka kwa njia gani? Ziwa Singidani halina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na mvuke hauchukui chumvi. Hivyo kila mwaka mvua huleta chumvi kidogo iliyoyeyuka kutoka katika miamba, jua huchukua maji, na chumvi hubaki. Ziwa linapopungua wakati wa ukame, chumvi hukolea zaidi, na viumbe wengi hushindwa kuishi. Kitangiri hupokea maji ya Mto Wembere, lakini pia lina mlango wa kutokea: Mto Sibiti huyachukua maji yake na kuyapeleka Ziwa Eyasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chumvi husafirishwa kwenda Eyasi, ambako haina njia tena ya kutoka. Ndiyo sababu Eyasi ni ziwa la chumvi, na Kitangiri ni ziwa la wavuvi.

Hata hivyo Kitangiri ni ziwa lenye kina kifupi. Ziwa la namna hiyo hupanuka upesi mvua zinapokuwa nyingi, na husinyaa upesi zinapokosekana. Samaki aishiye humo sharti awe na namna ya kustahimili mabadiliko hayo. Kambale anayo.

Samaki avutaye hewa

Kambale, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, hutambulikana kwa urahisi. Hana magamba, ngozi yake ni laini na yenye utelezi. Kichwa chake ni kipana na kigumu kama ngao. Kinywani ana sharubu nane, yaani jozi nne, ambazo hupapasa na kuonja matope ili kutafuta chakula gizani. Kila pezi la kifuani lina mwiba mgumu. Aweza kukua hadi kupita urefu wa mita moja, ingawa wengi wanaonaswa ni wadogo zaidi ya hapo.

Ajabu yake kubwa haionekani kwa nje. Juu ya matamvua, ndani ya kichwa, kuna vyumba viwili vyenye viungo vyekundu vilivyogawanyika kama matawi ya mti mdogo. Viungo hivyo vimejaa mishipa myembamba ya damu. Kambale hupanda juu ya maji, humeza funda la hewa, na damu hunyonya oksijeni kutoka katika hewa hiyo. Samaki wengi hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini peke yake. Kambale ana njia mbili.

Umuhimu wa jambo hili waonekana kwa hesabu. Usawa wa bahari, lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi yaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Maji hayo yakifikia nyuzi 30 hubeba miligramu 7 na nusu tu. Mahali palipoinuka kama bonde la Wembere kiasi hicho hupungua tena, kwa kuwa hewa ya huko ni hafifu zaidi. Zaidi ya hayo, mimea ya majini hutoa oksijeni mchana kwa msaada wa jua, lakini usiku hutumia oksijeni kama viumbe wengine. Kwa hiyo saa chache kabla ya mapambazuko ndipo maji ya kina kifupi huwa na oksijeni kidogo kuliko wakati mwingine wowote. Samaki wengine hudhoofika. Kambale huibuka, humeza hewa na kuzama tena.

Mvuvi mwenyeji hujua hayo bila kupima miligramu. Alfajiri hutazama viduara vya maji na mapovu, akasema: hapa wapo. Mwanafunzi aliyejifunza juu ya oksijeni darasani na mvuvi aliyejifunza kwa kutazama ziwa huwa wanazungumza jambo moja kwa lugha mbili.

Usiku wa mvua

Mayai ya kambale hupevuka tumboni kabla ya mvua kubwa. Kinachomwamsha samaki atage ni kupanda kwa maji. Baada ya mvua nzito, madume na majike huondoka penye kina na kuingia katika maji mapya yaliyofunika nyasi. Huzaliana usiku. Mayai hunata kwenye majani, na katika maji ya uvuguvugu huanguliwa baada ya siku moja au mbili. Kambale halei watoto wake. Akisha kutaga hurudi ziwani, na wachanga hubaki majanini wakijitafutia wenyewe. Hapo ametofautiana na perege wa jamii ya Oreochromis, ambaye jike wake huyahifadhi mayai na watoto kinywani mwake.

Idadi ya mayai ni kubwa. Katika mabwawa ya kufugia kambale imeonekana kuwa mayai ya jike aliyepevuka yaweza kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na kwamba gramu moja ina mayai kama 600. Basi jike mwenye kilo 2 aweza kuwa na gramu 200 za mayai:

200 × 600 = 120,000.

Mtu aweza kudhani kuwa jike mmoja atosha kulijaza ziwa zima. La hasha. Ikiwa idadi ya kambale ziwani haiongezeki wala haipungui kwa miaka mingi, maana yake ni kwamba katika mayai yote anayotaga jike mmoja maishani mwake, ni wawili tu kwa wastani wanaofikia kuwa wazazi: mmoja wa kushika nafasi ya mama, na mmoja wa kushika nafasi ya baba. Waliosalia huliwa na ndege, wadudu wa majini na samaki wenzao, au hukauka maji yanaporudi nyuma ghafula. Wingi wa mayai ni kipimo cha wingi wa hatari.

Msomaji makini atauliza: je, kambale aliyevuliwa mwezi Septemba si atakosa kutaga Desemba vilevile? Kuna tofauti gani? Swali hilo ni la haki. Tofauti iko katika idadi na uteuzi. Mwezi Septemba, mtu mwenye ndoana mbili hupata samaki wachache walioenea ziwani, wadogo kwa wakubwa, na baadhi yao wangekufa kwa ukame hata kama wasingevuliwa. Usiku wa mvua, mtu aliyeweka uzio wa migono katika kijito chembamba, au aliyesimama na mkuki, aweza kuwachukua karibu wote wapitao hapo. Nao wote ni wazazi, hakuna mtoto. Mahali pakiwa hapo pekee pa kutagia katika eneo hilo, kizazi cha mwaka mzima hutoweka kwa usiku mmoja au miwili. Kosa halionekani mwaka huo. Huonekana baada ya miaka miwili au mitatu, wakati wale ambao wangekuwa wakubwa hawapo.

Funzo kutoka Mto Fraser

Nchi nyingine zimekwisha kukabili swali hili kwa samaki mwingine mkubwa wa chini ya maji, sturjeni. Samaki huyu huishi katika maji ya kaskazini ya dunia. Hana udugu wa karibu na kambale, lakini mazoea yao yafanana kidogo: naye hupapasa chini kwa sharubu, na jamii nyingi za sturjeni hupanda mito wakati wa kutaga. Mayai yake huitwa kaviari, na huuzwa kwa bei kubwa sana. Katika Bahari ya Kaspi na Mto Volga sturjeni walivuliwa wakiwa safarini kwenda kutaga, na bwawa la umeme lililojengwa Volgograd likawazibia njia ya kufikia mazalio yao ya zamani. Idadi yao ilianguka vibaya. Tangu mwaka 1998 biashara ya kimataifa ya jamii zote za sturjeni imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES.

Huko Kanada, katika Mto Fraser, yuko sturjeni mweupe, samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi ya Amerika ya Kaskazini, awezaye kuishi zaidi ya miaka 100. Watu wengi huenda kumvua huko wakiongozwa na waongozaji wa kazi hiyo, na si ajabu kumkuta mzazi na mwanawe mtu mzima katika mashua moja. Lakini tangu mwaka 1994 hairuhusiwi kumchukua. Kila anayenaswa hurudishwa majini. Tena, tangu mwaka 2000 waongozaji na wavuvi wa kujitolea wamekuwa wakiwapima samaki hao, kuwatia alama ndogo yenye namba chini ya ngozi, na kuandika taarifa zao. Kwa njia hiyo wataalamu huweza kukadiria idadi ya sturjeni waliopo na kasi ya kukua kwao. Safari ya burudani imegeuzwa kuwa kazi ya utafiti.

Je, kanuni ya Fraser ifuatwe Kitangiri kama ilivyo? Sayansi haisemi hivyo. Jike wa sturjeni mweupe hutaga kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 15, kisha hupumzika miaka kadhaa kabla ya kutaga tena. Kambale huanza kuzaa kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, wengi wao wakiwa na urefu wa kati ya sentimeta 30 na 40. Samaki akuaye upesi hivyo aweza kuliwa bila ya ziwa kuharibika, mradi aachiwe nafasi ya kuzaa. La kuiga kutoka Fraser ni mambo mawili: kuwaheshimu samaki walio katika safari ya kutaga, na kuandika kila kinachovuliwa.

Kuchagua wakati

Kutokana na hayo, mwaka waweza kugawanywa katika vipindi vitatu kwa mwenye kupanga safari.

Kuanzia Desemba hadi Aprili ni msimu wa mvua. Barabara za udongo huwa mbaya na samaki wako katika kuzaa. Ikiwa likizo haipatikani wakati mwingine, safari yaweza kufanyika, lakini wasafiri wakae mbali na midomo ya mito na nyasi zilizofurika, wavue kwa ndoana ziwani penye maji wazi, na jike mwenye tumbo lililojaa mayai arudishwe.

Kuanzia Mei hadi Julai mvua imekwisha, ziwa bado limejaa, na njia hupitika. Likizo ya shule ya mwezi Juni huangukia hapa. Upungufu wake ni baridi: maji yakipoa, kambale hupunguza kula, na mvuvi sharti awe na subira.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba joto hurudi, ziwa hupungua, na samaki hukusanyika penye kina kilichosalia. Hupatikana kwa urahisi, nao hawajaanza kutaga. Kwa mwana aliyeajiriwa ambaye aweza kuchagua mwezi wa likizo yake, Septemba wafaa sana. Lakini urahisi huo nao wataka kiasi: samaki waliobaki katika maji machache ndio watakaolijaza ziwa mvua zikirudi. Yafaa idadi ya samaki wa kuchukuliwa ikubaliwe kabla ya kuingia mtumbwini.

Mwongozaji na usalama

Hatua ya kwanza ni kumwona afisa uvuvi wa wilaya, ambaye ofisi zake kwa upande wa Iramba ziko Kiomboi. Yeye ataeleza habari za leseni, mahali panaporuhusiwa, na kama ziwa limefungwa kwa muda. Uvuvi nchini Tanzania huongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, inayokataza miongoni mwa mambo mengine kuvua kwa sumu na kwa baruti. Afisa huyo, au viongozi wa kijiji, wataweza pia kumtaja mvuvi mwenye sifa ya uaminifu.

Pamoja na mwongozaji huyo yakubaliwe mapema mambo manne: ujira, saa za kutoka na kurudi, idadi ya samaki, na nani atakuwa na neno la mwisho mtumbwini. Jibu la hilo la nne ni moja tu: mwongozaji. Akisema warudi, warudi, hata kama mzazi ni mzee kuliko yeye na mwana ana shahada.

Sababu yake ni ya kisayansi. Ziwa lenye kina kifupi huchafuka haraka. Upepo wa mchana hutengeneza mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ambayo hujaza mtumbwi maji upesi kuliko mawimbi marefu ya ziwa lenye kina. Kwa kuwa kambale hula zaidi usiku, wakati bora ulio salama ni alfajiri hadi saa tatu au saa nne asubuhi, kabla upepo haujashika nguvu. Kila mmoja avae jaketi la kujiokolea, ajue kuogelea asijue. Kama wapo viboko au mamba, mwongozaji ndiye ajuaye njia zao. Haifai pia kusimama pekupeku katika maji yaliyotulia penye majani na konokono, maana humo huweza kuwamo vijidudu vya kichocho.

Vyombo havihitaji gharama kubwa: mshipi imara, chubwi, ndoana kubwa kiasi ili wadogo wasinaswe, na chambo chenye harufu kali, kama nyungunyungu, vipande vya samaki au utumbo wa kuku, kwa kuwa kambale hutafuta chakula kwa harufu na kwa sharubu kuliko kwa macho. Mwenye kumshika azilowanishe mikono yake, aepuke miiba ya mapezi, na asiingize vidole katika matamvua ya samaki atakayerudishwa.

Daftari la watu watatu

Mwana mtu mzima si mtoto wa kushikwa mkono. Safari hii hufana kila mmoja akiwa na kazi yake. Mwongozaji ajua mahali. Mzazi ana kumbukumbu: aweza kukumbuka maji yalifika wapi katika mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, na vijito gani vilikuwa na kambale zamani. Mwana ana utepe wa kupimia, mizani na daftari. Katika daftari hilo yaandikwe tarehe, saa, mahali, kina cha maji, urefu na uzito wa kila samaki, kama ni dume au jike, na kama amechukuliwa au amerudishwa. Dume hutambulika kwa kinundu kirefu kilichochongoka nyuma ya tundu la haja. Cha jike ni kifupi na cha mviringo.

Uangavu wa maji nao waweza kupimwa kwa sahani nyeupe iliyofungwa kamba na jiwe. Sahani hushushwa taratibu hadi isionekane, na urefu wa kamba iliyozama hupimwa. Kipimo hicho kikirudiwa mwezi ule ule kila mwaka, huonyesha kama ziwa linajaa tope.

Safari moja haithibitishi chochote. Lakini jamaa mmoja akirudi kila Septemba kwa miaka kumi, akavua kwa ndoana zile zile na saa zile zile, daftari lake litaonyesha kama kambale wa Kitangiri wanazidi kuwa wadogo au la. Hilo ni jambo ambalo hakuna awezaye kulijua kwa kutazama mzigo wa siku moja.

Zoezi la darasani

Wanafunzi walio mbali na ziwa waweza kuanza sokoni. Kwa ruhusa ya wauzaji, wapime urefu wa kambale 20 wabichi kila mwezi kuanzia Agosti hadi Machi, wahesabu ni wangapi walio chini ya sentimeta 30, na wachore jedwali. Katika mwezi gani majike wenye mayai ni wengi zaidi? Je, mwezi huo wawiana na siku za mvua zilizoandikwa shuleni? Na ikiwa jike mmoja wa kilo moja na nusu amechukuliwa kabla ya kutaga, ni mayai mangapi yameondoka pamoja naye?